Taa kali mbele ya motokari: shofere anaona njia, mtu wa miguu haoni kitu

Kwenye barabara ya taifa nambari 2, kati ya Lubero, Butembo na Beni, siku hizi ni vigumu usiku kukutana na motokari yenye taa mbili tu. Probox, Noah, Hiace, Fuso za mizigo, hata zile Land Cruiser za zamani zinazobeba maharagwe na abiria pamoja, kila moja inataka taa nne ao sita. Nyingine zina mstari mzima wa taa za LED juu ya kioo. Na mara nyingi parishoki, ile sehemu ya mbele inayopaswa kupokea pigo la kwanza, imekwisha kutolewa. Pale ilipokuwa, fundi amechomea chuma na kufunga taa.

Wenye motokari wanaita hiyo maendeleo. Watu wa miguu wanaiita jina lingine, ambalo halifai kusomwa kwenye redio.

Wasikilizaji wengi wanaomba jambo moja tu: taa hizo zikatazwe, basi. Hapana. Kuzikataza zote itakuwa kumwonea shofere, tena haitasaidia yule anayetembea gizani na godoro kichwani. Ubaya uko mahali pengine: uko katika namna taa hizo zinavyofungwa, na katika kidole cha shofere kisichotaka kuzizima.

Tuanze na shofere, kwa kuwa yeye ndiye analaumiwa kila siku. Huku kwetu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua halichelewi kuzama. Saa kumi na mbili ya jioni bado kunaonekana, nusu saa baadaye ni giza. Shofere aliyetoka Beni mchana akitegemea kufika mapema anaweza kukwama kwenye matope, ao kungojea kwenye bariera, ao kungojea msafara usindikizwe na askari, na usiku ukamkuta njiani bila yeye kupenda. Butembo iko juu ya mita 1700 toka usawa wa bahari, na milima ya Lubero inapanda zaidi. Ukungu unashuka barabarani kama pazia. Mbele kuna shimo linaloweza kumeza gurudumu, upande kuna bonde. Hakuna nguzo hata moja ya taa. Mtu huyo kutaka mwanga zaidi si kiburi.

Kuna sababu nyingine ambayo hata mashofere wengi hawaijui, na hiyo ndiyo inayostahili kuelezwa taratibu.

Motokari nyingi za huku zimetoka Japani zikiwa zimetumika, zikapita bandari ya Mombasa ao Dar es Salaam, zikaingia kwa Kasindi. Zina usukani upande wa kulia. Japani wanatembea kushoto kwa barabara, sawa na Kenya, Uganda na Tanzania. Sisi Kongo tunatembea kulia. Kila mtu analijua jambo hilo kwa sababu ya usukani: abiria wa mbele ndiye anachungulia kama lori linakuja, kisha anamwambia shofere apite ao asipite. Lakini usukani si kitu pekee kilichogeuka. Taa nazo zimegeuka.

Taa ya mbele, ikiwa imeshushwa, haimwagi mwanga sawasawa pande zote. Kiwanda kinaipanga ili upande wa mashofere wanaokuja mwanga ukae chini usiwachome macho, na upande wa ukingo wa barabara mwanga upande kidogo, ili shofere aone mtu wa miguu, baiskeli, mbuzi. Kwa motokari ya Japani ukingo huo uko kushoto. Ileteni motokari hiyo Butembo bila kuigusa. Mwanga ule unaopanda sasa unakwenda kushoto, yaani moja kwa moja machoni pa mwenye kuja. Na ukingo wetu wa kulia, pale akina mama wanapotembea na makala, pale watoto wanaposukuma chukudu, ndio unabaki na mwanga mdogo.

Kwa hiyo shofere anaposema kwamba taa za kiwanda hazimwonyeshi pembeni, anasema kweli. Ongeza na ule uzee wa taa: plastiki ya mbele imekuwa ya manjano kwa jua, ndani kumeingia mvuke na vumbi, kioo cha nyuma ya balbu kimepoteza mng'ao. Anakwenda kwa fundi akiwa na shida ya kweli. Anachopewa kule ndicho kinacholeta ugomvi.

Kutoa parishoki si kazi ngumu, na fundi mwenye adabu anaifanya kwa saa moja. Anafungua boneti, anatoa vile vipini vya plastiki vya juu, anafungua skurubu za ndani ya matao ya magurudumu na zile za chini, anachomoa waya wa taa za ukungu kama zipo, kisha anavuta pande mbili polepole. Nyuma ya plastiki anakuta sponji nene, na nyuma ya sponji, boriti ya chuma iliyofungwa kwenye mwili wa motokari. Boriti hiyo ndiyo parishoki yenyewe. Ile plastiki ni sura tu. Taa ya nyongeza inatakiwa kushikwa na kipande cha chuma kilichofungwa kwa bolti kwenye boriti, chini, karibu na usawa wa taa za kiwanda ao chini yake. Kisha sponji inarudi, plastiki inarudi ikiwa imekatwa tundu mbili nadhifu, na namba ya motokari inarudi mahali pake.

Kinachofanyika mara nyingi ni kingine. Plastiki inatolewa, hairudi. Mwenye motokari anasema matope yangeing'oa hata hivyo, na ni kweli matope ya msimu wa mvua yanang'oa parishoki nyingi. Sponji inatupwa, watoto wanachezea. Pale mbele panachomewa bomba nene ao vyuma vya pembe, vimekatwa kwa msumeno, kona zake kali hazikusuguliwa. Motokari hiyo ikimgusa mtu kwa mwendo wa mguu tu, plastiki na sponji zingemsukuma na kumwachia jeraha dogo. Chuma cha pembe kinavunja mfupa wa mguu. Kwa mtoto, si mguu tena, ni tumbo ao kifua, kwa vile urefu wake ndio huo.

Taa pana zikifungwa mbele ya rejeta, zinaziba upepo pia. Shofere atakuja kushangaa kwa nini maji yanachemka kila anapopanda mlima na mzigo.

Waya ndizo zinatisha kuliko chuma. Balbu ya kawaida ya nyongeza inakula wati 55. Mbili ni wati 110, na kwa batri ya volti 12 hiyo ni karibu ampea 9. Waya mwembamba wa redio hauwezi kubeba mzigo huo, wala swichi ndogo ya plastiki kwenye dashibodi. Vinapata moto, plastiki ya waya inayeyuka, na kama hakuna fizibu, ule uzi mdogo unaokatika ili kuokoa vingine vyote, moto unatafuta njia yake. Fizibu bei yake ni ndogo kuliko sahani ya maharagwe. Rele, kile kisanduku kidogo kinachobeba umeme mkubwa kwa amri ya umeme mdogo, si ghali pia. Hata hivyo kuna motokari zinazobeba abiria kumi na mbili na madumu ya mafuta, na waya wa taa umeungwa kwa kusokota na kufungwa na mfuko wa plastiki.

Sasa tutoke garaji, twende barabarani.

Watu wanaotembea kwenye barabara hizi si wale wa zamani tu. Tangu mapigano yalipowasukuma watu wa kusini mwa Lubero kuelekea kaskazini, na tangu mauaji ya ADF yalipotoa familia kwenye vijiji vya Beni na jirani zake wa Ituri, kando ya barabara pamekuwa makao. Wengine wako kwa familia zilizowapokea, wengine katika makanisa, wengine katika vibanda vya majani mita chache kutoka njia. Mchana wanakwenda kulima shamba za wengine ili wapate unga wa jioni. Wanarudi wakati ule ule taa zinawashwa. Maji wanachota ng'ambo ya barabara. Choo, mara nyingine, kiko ng'ambo ya barabara. Hawana nguo ya kung'aa wala tochi. Simu yenye tochi ilikwisha kuuzwa.

Mtu huyo akipigwa na taa sita machoni, haoni kitu. Haoni mtaro, haoni mkono wa mtoto wake, haoni kama motokari iko katikati ya njia ao inamjia. Silika yake ni kusimama ao kukimbia, na vyote viwili vinaweza kumwua. Taa zikipita, macho yanabaki gizani sekunde kadhaa, na pikipiki inayofuata nyuma ya motokari inamkuta katika hali hiyo. Pikipiki yenyewe, motari wake naye amepofushwa.

Hesabu ni rahisi. Motokari inayokwenda kilomita 60 kwa saa inapita zaidi ya mita 16 kila sekunde. Shofere aliyepofushwa sekunde tatu na mwenzake amekwenda mita 50 bila macho. Na huyo mwenzake anasema alifunga taa kwa ajili ya usalama.

Jambo hili litakuwa zito zaidi, si jepesi. Mwaka wa 2021 Kongo na Uganda zilizindua kazi ya kutengeneza barabara za kilomita 223, ndani yake Kasindi–Beni na Beni–Butembo. Lami inaleta furaha, bei ya vitu inashuka, mgonjwa anafika haraka. Lami inaleta pia mwendo. Kwenye matope hata shofere mlevi hawezi kukimbia. Kwenye lami, taa ambazo jana zilikuwa kero zitakuwa silaha.

Kuna na hofu nyingine ambayo watu wa muji mkubwa hawaielewi. Katika kijiji kilichokwisha kushambuliwa usiku, mwanga mkali unaotokea ghafla kilimani haumaanishi mfanyabiashara anarudi sokoni. Kuna familia ambazo watoto wao wanaingia kwenye majani mara moja. Na kwenye bariera, askari aliyechomwa macho na taa hajui nani anakuja. Mashofere wa njia hizi wanajua kanuni: punguza mwendo, shusha taa, washa taa ya ndani sura zionekane. Taa za nyongeza zisizozimika kwa haraka zinavunja kanuni hiyo, na mwenye kulipa ni abiria.

Halafu namba. Hili linasemwa kidogo mno. Namba ya mbele ya motokari inashikwa na parishoki. Parishoki ikitoka, namba inahamia juu ya dashibodi, ao chini ya kiti, ao inapotea kabisa. Motokari ikimgonga mtu usiku na kukimbia, anayebaki chini haoni kitu isipokuwa mwanga, na jirani zake nao hawaoni kitu isipokuwa mwanga. Bima ya motokari ni ya lazima katika inchi yetu, lakini bima hailipi kivuli. Mwenyeji wa muji ana ndugu wa kuuliza huku na huku, ana kiongozi wa mtaa, mwishoni motokari inajulikana. Mama aliyekuja kwa miguu kutoka Kanyabayonga anaanza wapi? Anabaki na mtoto mwenye mguu uliovunjika na karatasi ya hospitali.

Sheria ipo. Sheria nambari 78/022 ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978, yenye kanuni za barabara, bado ndiyo inayotawala. Na mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani unaeleza vizuri: taa za mbali zimulike angalau mita 100, taa za kupishana zimulike angalau mita 40 bila kumpofusha mwingine, na mbele ya motokari pasionekane taa nyekundu. Ni wazi kabisa, hata kwa yule anayependa kupamba Hiace yake kama mti wa Noeli.

Tatizo si karatasi. Mashofere wanalalamika kwamba kwenye kizuizi wanaulizwa vyeti, kizima moto, pembetatu, kila kitu chenye faini, lakini hakuna anayewaambia wawashe taa zione zinaelekea wapi. Kama lalamiko hilo lina ukweli hata nusu, basi ukaguzi unaofaa zaidi kwa maisha ya watu ndio unaosahauliwa. Nao hauhitaji mashine. Unahitaji ukuta.

Motokari isimame mahali tambarare, mita 5 mbele ya ukuta, na mzigo wake wa kawaida ndani. Mzigo ni muhimu: Probox iliyokaa chini nyuma kwa magunia inainua pua, na taa zote zinaelekea mawinguni. Pimeni kimo cha taa kutoka ardhini, muweke alama kwenye ukuta kwa kimo hicho hicho. Taa za kupishana zikiwashwa, mstari wa juu wa mwanga uwe chini ya alama hiyo kwa sentimita 5 hivi. Ukiwa juu ya alama, fundi ashushe. Dakika kumi, bila dola hata moja kwa mwenye bisibisi.

Kwa taa za nyongeza kuna jambo moja lingeondoa nusu ya matatizo: rele yake ichukue amri kwenye waya wa taa za mbali, si moja kwa moja kwenye batri kwa swichi ya peke yake. Zikifungwa hivyo, shofere akishusha taa, za nyongeza nazo zinazimika pamoja kwa mwendo ule ule wa kidole. Hakuna kusahau, hakuna kutafuta swichi gizani huku Fuso inakuja. Fundi anayekataa kufanya hivyo kwa sababu ni kazi ndefu anapaswa kuulizwa na mteja wake ni dakika ngapi. Ni kumi na tano.

Na ukingo wa kulia wenye giza? Dawa yake halisi ni kubadilisha taa zenyewe, kuweka za motokari yenye usukani wa kushoto, pale zinapopatikana. Zina bei, hilo halifichwi. Dawa ndogo ipo: Waingereza wanaovuka bahari kwenda Ufaransa wanabandika kipande cha karatasi ya gundi juu ya sehemu ya taa inayopandisha mwanga upande mbaya. Mashofere wa Butembo hawashindwi na karatasi ya gundi. Kisha taa moja ndogo ya nyongeza, chini, ikielekea ukingo wa kulia, ingefanya kazi zaidi kuliko sita zinazoelekea mbinguni.

Watu wa miguu nao wanaambiwa siku zote watembee upande wa kushoto, uso ukiangalia motokari zinazokuja, mtoto awe upande wa majani. Ni shauri jema na redio ziendelee kulirudia. Kitambaa cheupe mgongoni kinasaidia pia. Lakini ni ajabu kidogo kumdai aliyekimbia na nguo moja awe na kitambaa cheupe, kabla ya kumdai mwenye motokari ya maelfu ya dola awe na fizibu.

Vyama vya mashofere, ACCO na vingine, vina nguvu kwenye maegesho kuliko polisi, kwa vile vinapanga zamu. Motokari isiyokuwa na namba ya mbele isipewe zamu ya jioni. Yenye chuma kikali mbele isuguliwe ao ifunikwe na mpira wa gurudumu la zamani, mpira ambao umejaa kila garaji bila kazi. Maegesho makubwa ya Butembo na Beni yana kuta. Rangi nyeupe kidogo, mstari mmoja kwa Probox, mmoja kwa Hiace, mmoja kwa Fuso, na alama chini pale magurudumu yanaposimama, mita 5. Shofere anayengojea abiria wajae ana muda wa kutosha wa kuegesha hapo na kuwasha.